Hula: ngoma inayoanzia mdomoni

Kibuyu kimegonga mkeka kwa mara ya kwanza na wachezaji bado hawajanyanyua mkono. Wamekunja magoti, macho mbele, wanangoja. Mmoja wao anaita kwa sauti kali maneno ya mwanzo ya ubeti. Aliyeketi na kibuyu anaupokea ubeti ule na kuughani, na hapo ndipo miguu inapoanza kusogea. Mwito huo huitwa kāhea. Anayetaka kuielewa hula aanzie kwenye mwito huo, kiuno atakikuta baadaye. Katika hula neno ndilo linalotangulia: mkono hueleza kilichosemwa, mguu hushika mapigo, na shairi likiondolewa hakibaki kitu ambacho mtu wa Hawaii ya kale angekiita hula.

Picha iliyosambaa duniani ni nyingine kabisa. Ni ya msichana mwenye sketi ya nyasi, vifuu viwili vya nazi kifuani, na kiuno kinachozunguka mbiombio. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka kwenye hula ya zamani. Sketi za nyasi zililetwa katika karne ya 19 na vibarua kutoka visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati. Vifuu ni mapambo ya majukwaa ya watalii. Kiuno cha kasi ni cha Tahiti, kwenye ngoma iitwayo ʻōteʻa. Mchezaji wa kale wa Hawaii alijifunga pāʻū, yaani sketi ya kapa, kitambaa kinachopatikana kwa kuponda gome la ndani la mti wa wauke. Mwanamume alivaa malo, ubinda wa kapa hiyohiyo. Kichwani na shingoni aliweka makoja ya majani na maua, na kwenye vifundo vya miguu vikuku, vingine vikiwa vya mamia ya meno ya mbwa yaliyoshonwa safu kwa safu ili yalie kila anapokanyaga.

(Alama ʻ katika maneno ya Kihawai ni herufi kamili: sauti hukatwa kooni kabla ya irabu inayofuata. Kistari juu ya irabu huirefusha. Ukiviacha, neno laweza kugeuka neno jingine.)

Shairi kwanza

Shairi huitwa mele. Likighaniwa peke yake, kwa pumzi ndefu na bila mapigo yaliyopangwa, huwa oli. Likiwekewa mapigo ili lichezwe, huwa mele hula. Kabla ya wamisionari kuweka lugha ya Kihawai katika maandishi miaka ya 1820, mele ndiyo iliyokuwa maktaba ya taifa: nasaba za machifu, majina ya mvua na upepo wa kila bonde, safari za baharini, mapenzi, matanga, hata siri za wakubwa. Ndiyo maana neno moja likikosewa, kosa huchukuliwa kwa uzito. Mvua ya Kanilehua ni ya mji wa Hilo, kisiwa cha Hawaii, na ya Tuahine ni ya Mānoa kisiwani Oʻahu. Mchezaji anayecheza "mvua" tu, bila kujua ni mvua ipi na inaingia bondeni kutoka upande gani, anaonyesha vidole vinavyoshuka na hakuna anayenyeshewa.

Juu ya maana ya wazi kuna kaona, yaani fumbo. Aliyekulia kwenye mashairi ya Kiswahili, ambamo ua hutajwa na mpenzi ndiye anayesemwa, hatahitaji maelezo marefu. Ua la lehua laweza kuwa kipenzi cha mtu, shujaa wa vita au mtoto wa chifu. Ukungu unaokumbatia mlima mara nyingi haukumbatii mlima. Mtunzi anaweza kuweka tabaka mbili au tatu za maana, ya mwisho ikieleweka na yeye na aliyetungiwa peke yao. Mwalimu hufundisha tabaka anazozijua, na mkono wa mchezaji huchora ile ya juu tu. Anayeonyesha fumbo kwa mkono ameliua.

Pele, Hiʻiaka na jiwe linalocheza

Masimulizi makubwa kuliko yote ndani ya hula ni ya Pele, mungu wa kike wa volkano. Alitoka Kahiki, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari, kwa mtumbwi akifukuzwa na dada yake Nāmakaokahaʻi, mwenye bahari. Kwapani alibeba yai, na kutoka yai hilo akazaliwa mdogo wake, Hiʻiakaikapoliopele, jina lenye maana ya Hiʻiaka wa kifuani mwa Pele. Kila kisiwa alichofika Pele alichimba shimo atunze moto wake, na kila mara bahari ikamfuata na kuuzima. Alianza upande wa kaskazini-magharibi, akapita Kauaʻi, Oʻahu, Molokaʻi na Maui, mpaka akapata makao ya kudumu Kīlauea, kwenye kisiwa cha Hawaii chenyewe. Jiolojia inafuata mpangilio uleule: Kauaʻi ina umri wa takriban miaka milioni 5, na kisiwa cha Hawaii hakijafikisha milioni 1. Waliotunga masimulizi haya walikuwa wakiyatazama mawe kwa makini, wakaona wapi yamechakaa na wapi bado ni mapya.

Hula inaingia mapema. Pele amelala, roho yake inasikia mlio wa ngoma na kuufuata baharini hadi Hāʻena, Kauaʻi, ambako chifu kijana Lohiʻau yumo katika hafla ya hula. Anampenda, anarudi mwilini, kisha anawaomba dada zake mmoja aende akamlete. Wote wanakataa kwa hofu isipokuwa Hiʻiaka, naye anatoa sharti moja: dada yake asiiguse misitu yake ya lehua huko Puna, wilaya ya kisiwa cha Hawaii, wala rafiki yake Hōpoe. Pele anampa siku 40.

Hōpoe ndiye aliyemfundisha Hiʻiaka kucheza, kwenye ufukwe wa Nānāhuki. Kabla ya safari, Pele anaomba achezewe, na Hiʻiaka anaghani mele ambayo wengi huitaja kuwa hula ya kwanza katika masimulizi hayo. Mstari wake wa kwanza ni "Ke haʻa lā Puna i ka makani": Puna inacheza upepeni. Mstari unaofuata unasema mikadi ya Keaʻau nayo inacheza, kisha Hāʻena ya Puna pamoja na Hōpoe, kisha mwanamke mwenyewe. Tazama mpangilio. Nchi yote ndiyo inayoanza kuyumba, kisha miti, kisha mahali na rafiki, na mwishowe ndipo mwili wa mtu. Anayecheza anaiga kilichokwisha anza kuchezwa na upepo na miti, na walimu huwarudisha wanafunzi wao kwenye mistari hiyo tena na tena.

Safari inakuwa ndefu. Hiʻiaka na mwenzake Wahineʻōmaʻo wanapigana na mijusi wakubwa waitwao moʻo, wanamkuta Lohiʻau amekufa, wanamfufua kwa dua zinazoghaniwa. Siku 40 zinapita. Pele, kwa wivu, anaichoma misitu ya lehua na Hōpoe ndani yake. Hōpoe anageuka jiwe pwani ya Puna, jiwe lililosimama kwa kubalansi hata likawa linatikisika kwa upepo na mawimbi: hata baada ya kufa alikuwa bado anacheza.

Kisa hiki kilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika magazeti ya Kihawai mwaka 1861, na matoleo marefu zaidi yakafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Yana mamia ya mele ndani yake, nayo ni hazina ambayo shule za hula huchota mpaka leo.

Laka, na swali la nani alianza

Hapa ndipo mgeni huchanganyikiwa. Akiuliza hula ilianzia wapi, Puna atajibiwa Hōpoe na Hiʻiaka. Molokaʻi ataambiwa ni Kaʻana, kwenye mlima Maunaloa, ambako Laka, mungu wa hula, alijifunza kisha akazunguka visiwani akifundisha, na kwamba mifupa yake imefichwa chini ya kilima cha Puʻu Nānā. Kauaʻi ataonyeshwa jukwaa la mawe la Ke Ahu a Laka, juu ya ufukwe wa Kēʻē, palepale Hāʻena ya Lohiʻau. Wengine watamtaja Kapoʻulakīnaʻu, dada wa Pele, ambaye katika nasaba fulani ni mama wa Laka na katika nyingine ni Laka huyohuyo kwa sura nyingine.

Kuyalinganisha masimulizi haya ili kumpata mshindi ni kupoteza muda. Kila moja ni nasaba ya elimu: linaeleza mwalimu fulani alipokea kwa nani, na nani alimtangulia. Shule ya Puna haina sababu ya kuitumia nasaba ya Molokaʻi. Methali ya Kihawai inasema ʻaʻohe pau ka ʻike i ka hālau hoʻokahi, ujuzi wote haukomei katika shule moja. Linalokubaliwa karibu kote ni kwamba Laka ndiye mlezi wa hula na msitu ndio mwili wake. Jina lenyewe lina maana ya kufuga, kuvutia, kufanya kilicho pori kiwe karibu na mtu.

Kutoka Polinesia

Watu wa Polinesia ya mashariki walifika Hawaii kwa mitumbwi takriban kati ya mwaka 1000 na 1200. Walikuja na mimea, wanyama, miungu na maneno, na maneno ndiyo yanayoonyesha njia waliyopita. Kihawai kiligeuza t ya zamani kuwa k, na k ya zamani ikawa mkato wa kooni. Tahiti ikawa Kahiki. Tapu ikawa kapu, mwiko. Na haka, ambayo Wamaori wa New Zealand wameifanya maarufu, ikawa haʻa, neno kongwe la kucheza katika Kihawai, ambalo tumekwisha liona kinywani mwa Hiʻiaka. Huko Tonga, haka ni yale matendo ya mikono ndani ya ngoma. Neno moja, na kila kisiwa kimeshika upande wake. Mungu wa kike Hina wa Hawaii ni Hine kwa Wamaori na Sina kwa Wasamoa.

Ngoma ya kupigwa nayo ina safari. Masimulizi yanasema Laʻamaikahiki ndiye aliyeileta pahu, ngoma ya gogo, kutoka Kahiki na kuishusha Kauaʻi. Kabla ya kuwa chombo cha hula ilikuwa ya hekaluni, na hata sasa hula inayopigiwa pahu huchezwa kwa heshima ya pekee.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki kuna uzi mmoja wa kweli. Kihawai na Kimalagasi ni wa familia moja ya lugha za Austronesia. Tano kwa Kihawai ni lima, kwa Kimalagasi ni dimy, na lima kwa Kihawai ni mkono pia.

Vyombo

Chombo cha kila siku ni ipu heke: vibuyu viwili vilivyokauka, kikubwa chini na kidogo juu chenye tundu, vikaunganishwa shingoni kwa utomvu wa mshelisheli. Mpigaji huketi au hupiga magoti, mkono wa kushoto umeshika shingo ya kibuyu kupitia kitanzi cha kitambaa. Mapigo ni ya aina mbili. Kibuyu kikigongwa juu ya mkeka au mto mdogo hutoa ū nzito. Kikinyanyuliwa na kupigwa ubavuni kwa vidole hutoa tē kali. Mifumo yote hujengwa kwa hizo mbili. Ukikigonga kwenye sakafu tupu kitapasuka. Ukikipiga kwa kiganja badala ya vidole, tē inazimika na wachezaji wanapoteza mahali pa kuweka mguu. Kosa kubwa zaidi ni kuharakisha: mpigaji akiongeza kasi, maneno yanabanwa, na shairi halieleweki tena.

Pahu huchongwa kwa gogo la mnazi au mshelisheli lililotobolewa, chumba cha juu kikiwambwa ngozi ya papa na kukazwa kwa kamba za makumbi. Mpigaji wake mara nyingi hufunga pajani pūniu, kifuu kilichowambwa ngozi ya samaki, na kukipiga kwa kamba iliyosukwa huku mkono wa pili ukiwa kwenye pahu.

Vyombo vingine hushikwa na wachezaji wenyewe. ʻIliʻili ni kokoto nne za lava zilizolainishwa na maji, mbili kila mkono, zikigonganishwa viganjani. Zinazosifiwa hutoka Kōloa, wilaya ya Kaʻū, ambako husemwa kwamba mawe huzaa. Pūʻili ni mwanzi uliochanwa vijiti vyembamba hadi karibu na mpini. ʻUlīʻulī ni kayamba ya kibuyu kidogo yenye duara la manyoya juu. Kālāʻau ni vijiti viwili.

Kwa desturi kuna makundi mawili. ʻŌlapa ni wanaocheza. Hoʻopaʻa ni wanaokaa, kupiga na kughani, na mara nyingi ni wazee, kwa kuwa kumbukumbu ya maneno ni mzigo mkubwa kuliko ya miguu.

Miguu, kisha mikono

Hatua ya kwanza kufundishwa ni kāholo, ya hesabu nne. Mguu wa kulia unaenda pembeni, wa kushoto unaufuata, wa kulia unaenda tena, wa kushoto unakuja kugusa tu bila kubeba uzito. Kisha unarudi kwa upande wa pili. Hela: uzito uko mguu mmoja, wa pili unanyooshwa mbele kwa mshazari na kurudi. ʻUehe: baada ya kukanyaga, visigino vyote viwili vinanyanyuka kwa pigo moja na magoti yanasukumwa mbele na nje. ʻAmi ni mzunguko wa nyonga huku nyayo zikiwa zimekaa chini zote.

Siri ya hatua zote ni magoti. Yakikunjwa vya kutosha, nyonga hujisogeza zenyewe kwa sababu uzito unahama kutoka mguu hadi mguu. Yakinyooka, nyonga zinafunga, na mwanafunzi hulazimisha mwendo kwa kutikisa mgongo na mabega. Hapo mwalimu ataona mambo matatu kwa pamoja: kichwa kinadunda, mabega yanapanda, visigino vinainuka pasipotakiwa. Dawa ni kushuka zaidi na kufupisha hatua. Mtindo wa ʻaihaʻa, unaohusishwa na mele za Pele, hushuka chini kabisa kana kwamba mchezaji anavuta nguvu ardhini, na mapaja ya anayeanza huungua dakika chache tu baadaye.

Mikono hufundishwa mwisho. Mpangilio unaofaa ni huu: kariri shairi lote, fahamu kila neno na kila mahali palipotajwa, shika mapigo kwa miguu, ndipo uongeze mikono. Anayeanza na mikono huishia na mawimbi mazuri yasiyosema kitu. Macho hufuata mkono unaosema, na mwelekeo una maana: mauka ni upande wa mlimani, makai ni upande wa baharini. Ukielekeza bahari kule kulikosemwa mlima, mtazamaji anayejua Kihawai atashtuka kama aliyesikia neno limetamkwa kinyume.

Mlango na madhabahu

Mwalimu huitwa kumu, neno ambalo pia ni shina la mti na chanzo. Shule ni hālau, jina lilelile la banda refu la kuhifadhia mitumbwi. Mwanafunzi haingii hivi hivi. Husimama nje akaghani ombi, mara nyingi Kūnihi ka mauna, maneno yanayonasibishwa na Hiʻiaka alipokuta njia ya kuvuka mto Wailua imezuiwa. Anangoja jibu kutoka ndani. Jibu lisipokuja anarudia, na huenda akasimama hapo kwa muda mrefu mpaka sauti yake isikike kuwa ya mtu anayeomba kweli.

Zamani ndani palikuwa na kuahu, madhabahu ya Laka; baadhi ya shule bado huisimamisha. Juu yake huwekwa gogo la mti wa lama lisilochongwa sura, limefungwa kapa ya manjano. Lama ina maana ya mwanga pia, na gogo hilo ndilo Laka mwenyewe. Kando yake hupangwa maile yenye harufu, ʻieʻie, halapepe, kangaga la palapalai na maua ya lehua. Waliosomea huko walishika miiko ya mwili, ya chakula na ya usafi mpaka siku ya ʻūniki, kuhitimu.

Marufuku na kurudi

Baada ya Kamehameha wa Kwanza kufa mwaka 1819, mfumo wa kapu ulivunjwa, na mwaka 1820 wakaja wamisionari wa Marekani. Malkia Kaʻahumanu, aliyebatizwa, alikataza hula ya hadharani mwaka 1830. Kilichowaudhi wamisionari hakikuwa miungu tu. Palikuwa pia na mele maʻi, nyimbo za kusifu viungo vya uzazi vya chifu ili ukoo usikatike, ambazo kwa Wahawai zilikuwa baraka. Hula haikufa. Ilihamia vijijini na majumbani, mzazi kwa mtoto. Mwaka 1859 sheria ikadai leseni kwa kila onyesho la kulipia.

Mfalme Kalākaua aliirudisha uwanjani, kwenye kutawazwa kwake Februari 1883 na kwenye sherehe ya miaka 50 ya kuzaliwa Novemba 1886. Kitabu cha ratiba ya hula za 1883 kiliwaudhi wapinzani wake kiasi kwamba mchapishaji alifikishwa mahakamani kwa kosa la kuchapisha matusi. Enzi hiyo ndiyo iliyokuza hula kuʻi, hatua za zamani zikiunganishwa na mpya, nyimbo za gitaa na baadaye ukulele, chombo kilichozaliwa kutokana na vinanda vya Wareno waliowasili kutoka Madeira mwaka 1879. Ndipo mgawanyo wa leo: kahiko, ya kughani na ngoma za asili, ʻauana, ya nyimbo na ala za nyuzi. Usiipime kahiko kwa umri pekee. Kahiko inaweza kutungwa mwaka huu, ikiwa ushairi na mapigo vinafuata kanuni zake.

Ufalme ulipinduliwa mwaka 1893, sheria ya 1896 ikakifanya Kiingereza lugha ya kufundishia, na shairi likaanza kukosa wasikilizaji. Hilo liliiumiza hula kuliko marufuku. Kurudi kwake kulitegemea kurudi kwa lugha: Kihawai kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya Hawaii, sasa jimbo la Marekani, mwaka 1978. Tamasha la Merrie Monarch, lililoitwa hivyo kwa heshima ya Kalākaua, lilianza Hilo mwaka 1964. Mashindano ya hula yakaongezwa 1971, na kundi la wanaume 1976.

Sasa msitu wenyewe unaugua. Kuvu ya jenasi Ceratocystis inaua mti wa ʻōhiʻa, mzazi wa ua la lehua, na majani ya mti ulioambukizwa yanaweza kukauka yote ndani ya wiki chache. Tangu 2015 ni marufuku kutoa ʻōhiʻa nje ya kisiwa cha Hawaii bila kibali. Kuvu hiyo huingilia kwenye jeraha la gome, hivyo kila tawi linalovunjwa kwa ajili ya koja ni mlango. Waandaaji wa tamasha la Hilo wameziomba shule zisitumie lehua, na wachezaji wengi hujipamba kwa majani mengine. Baada ya kucheza, makoja hayatupwi jaani. Hurudishwa yalikochumwa, ila ya ʻōhiʻa hubaki kwenye msitu uleule yalikotoka, yasipeleke ugonjwa kwa Laka mahali ambako bado ni mzima.